Kona ni Yako, Nafasi ya Kupita Si Yako

Wapenzi wa mashindano ya magari huuliza maswali mawili kila wanapolinganisha magari katika uwanja fulani. La kwanza: gari lipi linapinda kona kwa kasi zaidi? La pili: gari lipi lina nafasi nzuri ya kulipita lililo mbele yake? Ukiyasikia kwa haraka, utadhani ni swali moja lililoulizwa mara mbili, kwa kuwa mwenye mwendo mkubwa ndiye anayepaswa kupita. Insha hii inadai kwamba ni maswali mawili yasiyofanana, na kwamba tofauti yake si ya kiufundi tu bali ni ya kimaadili. Kasi ya kwenye kona ni mali ya dereva na gari lake. Nafasi ya kupita si mali yake. Anapewa na watu wengine. Na anayetumia cha watu kana kwamba ni chake ana jambo la kujibu, hata kama amefika salama.

Dai hili nitalipima mahali pasipo na bendera wala jukwaa la watazamaji: barabara ya taifa namba 3, RN3, inayotoka Bujumbura na kufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kwenda Rumonge na Nyanza-Lac. Lakini kabla ya kufika huko, ni lazima tuelewe kwanza kona ni nini na kupita ni nini, kwa sababu maadili yasiyojua mambo yanavyofanya kazi hugeuka kuwa mahubiri matupu.

Tuanze na kona. Gari likiwa kwenye kona, kinacholizuia lisiteleze kwenda nje ni mshiko wa matairi kwenye lami. Kasi ya juu kabisa inategemea mambo mawili makuu: upana wa kona na ubora wa mshiko. Chukua kona ambayo nusu kipenyo cha duara lake ni mita 100. Gari la kawaida lenye matairi mazuri juu ya lami kavu linaweza kuipinda kwa takriban kilomita 94 kwa saa kabla ya kuanza kuteleza. Mvua ikinyesha na mshiko ukapungua karibu nusu, kikomo hicho kinashuka hadi kilomita 71 hivi. Gari la mashindano ya Formula 1 lina msaada mwingine: mabawa na sakafu yake huifanya hewa ilikandamize chini, na katika mwendo mkubwa nguvu hiyo huzidi uzito wa gari lenyewe. Ndiyo maana linapita kwenye kona kwa kasi ambayo gari la kawaida lingeruka nje.

Ninachotaka kionekane hapa ni kwamba mambo haya yote yako mikononi mwa dereva na timu yake. Matairi ni yao, mabawa ni yao, ustadi wa kuchagua mstari wa kupita ni wao. Uwanja ukiwa mtupu, gari likizunguka peke yake, kasi yake ya kwenye kona inabaki ile ile. Haimhitaji mtu mwingine.

Kupita ni jambo jingine. Katika Formula 1 kuna kitendawili kinachojulikana na kila fundi: kile kinacholifanya gari liwe na kasi kwenye kona ndicho kinacholizuia lisipite. Gari linalotegemea hewa linahitaji hewa tulivu. Likilikaribia lililo mbele, linaingia katika hewa iliyovurugwa. Mabawa yake yanapoteza nguvu, matairi yanateleza na kupata joto kupita kiasi, na dereva analazimika kurudi nyuma. Kwa hiyo gari linaweza kushinda kwa saa likiwa peke yake, kisha likakwama nyuma ya gari la polepole kwa mizunguko mingi. Watunga kanuni walipobadilisha umbo la magari mwaka 2022, lengo lao kubwa lilikuwa kupunguza vurugu hiyo ya hewa ili magari yaweze kufuatana kwa karibu.

Viwanja navyo vina sauti yao. Mtaa wa Monaco, wenye mzunguko wa kilomita 3.337, ni mwembamba na umejaa kona. Dereva akiwa mbele hapo, anaweza kubaki mbele hadi mwisho hata kama gari lake ni la polepole. Monza ya Italia, yenye mzunguko wa kilomita 5.793, ina njia ndefu zilizonyooka zinazoishia kwenye kona za breki kali, na hapo ndipo watu hupitana. Kanuni pia zina sauti. Kuanzia 2011, aliyekuwa nyuma kwa chini ya sekunde moja aliruhusiwa kufungua bawa la nyuma katika sehemu maalumu ili apate mwendo wa ziada. Na dereva anayepitwa naye ana wajibu: haruhusiwi kumsukuma mwenzake nje ya njia.

Tukijumlisha, nafasi ya kupita katika mashindano inaundwa na aliyechora uwanja, aliyeandika kanuni, aliyeko mbele anayeacha upenyo, na msimamizi mwenye bendera anayesema njia ni salama. Dereva anayepita analeta ujasiri na ustadi, hilo sikatai. Lakini nafasi yenyewe ameikopa. Na mkopo huo ni halali kwa sababu wakopeshaji wameridhia: kila aliye ndani ya uwanja anajua kwamba atapita na atapitwa, magari yote yanaelekea upande mmoja, na hakuna anayetoka sokoni na kikapu cha samaki.

Afrika Mashariki inalifahamu tatizo hili kuliko tunavyodhani. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliendeshwa kwa miongo mingi katika barabara ambazo hazikufungwa kwa umma. Magari ya kina Joginder Singh na Shekhar Mehta yalikimbia mahali ambapo ng'ombe, mabasi na waenda kwa miguu walikuwa na haki ile ile ya kuwepo. Waandaaji walitumia njia ya kawaida ya mashindano ya aina hiyo: kila gari huondoka peke yake baada ya lililotangulia, na mshindi hupatikana kwa saa, si kwa kupitana. Hata hivyo timu kubwa zililazimika kutumia helikopta zilizotangulia angani kumwonya dereva kuhusu kilichokuwa mbele yake. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, yalikimbiwa katika njia zilizofungwa. Historia hii ina somo: hata wale waliotaka kasi kuliko kitu chochote walikiri kwamba kona waliweza kuimudu wenyewe, lakini kuwapita watu wasiohusika kulihitaji mpango, macho ya ziada, na mwishowe kufunga barabara.

Sasa tuje Rumonge. Kutoka Bujumbura hadi mji huo ni kilomita zipatazo 70. Upande mmoja ni ziwa, upande mwingine ni milima inayoshuka karibu kabisa na maji. Barabara inapita Kabezi, Gitaza, Magara na Minago ikijipinda kila mlima unapojitokeza. Mwaka 2015 maporomoko ya ardhi huko Gitaza yaliikata, na mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kuikarabati sehemu ya Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45. Ni barabara ya mawese, ya ndagala na mukeke, ya malori yanayoelekea mpaka wa Mugina na kuvuka kwenda Manyovu na Kigoma. Ni barabara pia ya baiskeli zilizofungwa madumu ya mafuta, ya wanafunzi wanaotembea pembeni mwa lami, na ya mbuzi.

Katika barabara hii, tofauti kati ya kona na kupita inaonekana kwa hesabu rahisi. Chukua teksi inayokwenda kilomita 80 kwa saa nyuma ya lori linalokwenda 60. Ili ilipite na kurudi upande wake kwa usalama, tuseme inahitaji kupata mita 45 zaidi ya lori: mita 15 za kuanzia nyuma, mita 10 za urefu wa lori, mita 5 za urefu wake yenyewe, na mita 15 za kuacha mbele. Tofauti ya mwendo ni kilomita 20 kwa saa, kwa hiyo itachukua sekunde 8 hivi. Katika muda huo teksi itakuwa imekwenda mita 180. Gari linalokuja mbele kwa kilomita 80 nalo litakuwa limekula mita 180. Dereva wa teksi anahitaji kuona mita 360 za njia tupu kabla hajatoka.

Rudi sasa kwenye ile kona yetu ya mita 100. Mlima ukiwa umekatwa mita 5 tu kutoka kwenye mstari wa macho ya dereva, anachoweza kuona mbele yake ni mita 63 hivi. Hapo ndipo maswali yetu mawili yanapoachana kabisa. Matairi yanamwambia: unaweza kupita hapa kwa 94. Macho yanamwambia: huna hata moja ya tano ya unachohitaji kujua ili ulipite lori hili. Dereva hodari wa kona akidhani kwamba uhodari huo unampa nafasi ya kupita, amechanganya alichonacho na asichonacho.

Kuna jambo jingine linalozidisha ugumu nchini Burundi. Tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yanayotujia kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, zikiwemo Toyota Probox zinazobeba abiria kati ya miji, yana usukani upande wa kulia. Maana yake ni kwamba dereva amekaa ukingoni mwa barabara. Akiwa nyuma ya lori, yeye ndiye wa mwisho kuona kinachokuja. Wa kwanza kuona ni abiria aliyekaa mbele kushoto. Dereva akitaka kupita, ama atoe nusu ya gari upande wa pili ndipo achungulie, ama amtegemee abiria huyo ampe jibu. Katika hali hiyo nafasi ya kupita imekopwa hata kabla gari halijatoka: imekopwa kwa macho ya mtu mwingine.

Baada ya hayo, swali la kimaadili linaweza kuulizwa wazi. Dereva anayepita mahali asipoona, je, anatenda kosa kwa kupita tu, au kosa linazaliwa pale anapogonga?

Jibu langu ni kwamba kosa linazaliwa pale tairi la kushoto linapovuka mstari. Dereva anayepinda kona kwa mwendo wa kupindukia anaweka rehani kwanza mwili wake na gari lake. Simwiti mwema, maana ana abiria, na akiteleza anaweza kumwangukia mtu. Lakini anayepita asipoona anaweka rehani uhai wa mtu mahususi ambaye bado hajamwona: yule anayekuja upande wake halali, akiamini kwamba upande huo ni wake. Amechukua njia ya mtu huyo bila kumwomba, na kwa vile hamwoni, hana hata namna ya kumwomba.

Zipo hoja tatu dhidi ya msimamo huu, na zote ni nzito.

Hoja ya kwanza husema: kila aingiaye barabarani ameridhia hatari zake, kama vile dereva wa mashindano anavyoridhia hatari za uwanja. Nasema hapana. Ridhaa ina maana pale tu mtu anapokuwa na njia nyingine. Dereva wa mashindano angeweza kubaki nyumbani. Mama anayepeleka samaki sokoni kutoka Minago hana barabara ya pili. Upande mmoja ni maji na upande mwingine ni mlima. Huwezi kuiita ridhaa hali ambayo mtu hana namna ya kuikataa. Na hata ndani ya uwanja ridhaa ina mipaka. Tarehe 11 Juni 1955, katika mashindano ya Le Mans nchini Ufaransa, Mike Hawthorn aliyekuwa na Jaguar alimpita Lance Macklin, kisha akapunguza mwendo ghafla ili aingie kwenye vituo vya timu. Macklin alikwepa kwenda kushoto, akajikuta mbele ya Mercedes ya Pierre Levegh iliyokuwa ikija kwa kasi kubwa zaidi. Gari la Levegh liliruka na vipande vyake vikawaangukia watazamaji. Levegh alikufa pamoja na watazamaji zaidi ya 80. Uchunguzi haukumtwika dereva yeyote lawama, mashindano yaliendelea, na Hawthorn akashinda. Uswisi ilipiga marufuku mashindano ya viwanjani baada ya hapo. Watazamaji wale walinunua tiketi ya kuona kupitana. Hawakununua tiketi ya kuwa sehemu yake. Kama ridhaa yao haikutosha pale Le Mans, ya mwendesha baiskeli wa Magara itatosha vipi?

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, nayo inahusu bahati. Tuwaze madereva wawili. Wote wanatoka nyuma ya lori kwenye kona ile ile, siku ile ile, bila kuona. Wa kwanza hakutani na mtu, anafika Rumonge, anakunywa chai. Wa pili anakutana na pikipiki na mtu anakufa. Wa pili atafungwa na kulaumiwa maisha yake yote. Wa kwanza hakuna anayemkumbuka. Kama kosa lao ni moja, kwa nini tunawatendea tofauti? Na kama si moja, basi uovu wa mtu unaamuliwa na bahati. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliliandikia tatizo hili, na si ajabu kwamba wote wawili walitumia mfano wa dereva wa lori. Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, alikuwa amekwisha kusema kwamba thamani ya nia haitegemei kilichofanikiwa wala kilichoshindikana. Kwa mtazamo wake madereva hawa wawili ni sawa. Lakini moyo wa mwanadamu haukubali kirahisi. Aliyefiwa hawezi kuambiwa kwamba aliyemuua ndugu yake hana tofauti na anayekunywa chai.

Nadhani njia ya kutoka hapa ni kutenganisha kosa na deni. Kosa ni kuchukua kisicho chako. Deni ni kile unachodaiwa baada ya kuchukua. Ukichukua mtumbwi wa jirani bila ruhusa ukaurudisha mzima, umekosa, na unadaiwa msamaha. Ukiuzamisha, umekosa vile vile, na sasa unadaiwa mtumbwi. Kosa halikuongezeka ziwani; deni ndilo lililoongezeka. Madereva wetu wawili wana kosa moja na madeni mawili yasiyolingana. Tunakosea tunapotazama deni peke yake na kuamini kwamba asiye na deni kubwa hakukosa. Yule anayekunywa chai anastahili lawama ile ile ya tendo, hata kama hakuna wa kumfungulia kesi.

Kuna jambo jingine ambalo neno "bahati" hulificha. Mara nyingi anayepita vibaya haokolewi na bahati. Anaokolewa na mtu. Gari lililokuja mbele lilifunga breki. Dereva wa lori alipunguza mwendo ili kumwachia upenyo. Mwendesha baiskeli aliacha lami akashuka kwenye mchanga na madumu yake ya mawese, akasubiri, akainua baiskeli tena. Watu watatu wamefanya kazi, na dereva anafika mwisho wa safari akijisifu kwamba anaijua barabara. Waliolipa hakuwaona. Ndiyo maana napendekeza kwamba kabla ya mtu kusema "nilikuwa na bahati", ajiulize kwanza: ni nani aliyeifanya bahati hiyo?

Hapa pia inafaa kuuangalia upya msemo tunaousikia kila inapotokea ajali: ajali haina kinga. Msemo huu una hekima kwa mfiwa, kwa kuwa unamwondolea mzigo wa kujiuliza angefanya nini. Lakini ukisemwa na aliyesababisha, unakuwa kinga ya mkosaji. Maana yake sahihi, kwa maoni yangu, ni kwamba baada ya kinga zote kutumika bado kuna kitakachobaki. Haumwambii mtu aache kutumia kinga aliyokuwa nayo. Kona ya mita 63 ina kinga: ni kukaa nyuma ya lori.

Hoja ya tatu inatoka katika maisha yenyewe. Dereva wa teksi ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni. Mafuta yamekuwa adimu nchini, na siku aliyoyapata lazima aitumie vizuri. Abiria wanamhimiza. Wengine wana mgonjwa. Je, si ukatili kumhukumu kwa kanuni za watu wenye muda?

Hoja hii inanigusa, na sitaki kuijibu kwa hesabu peke yake, ingawa hesabu inasaidia. Tuseme kukaa nyuma ya lori hadi njia inyooke kunachukua kilomita 5. Kwa kilomita 60 kwa saa, hizo ni dakika 5. Kwa 80, ni dakika 3 na sekunde 45. Kinachopiganiwa ni sekunde 75. Lakini tuseme sekunde hizo zikijumlishwa siku nzima zinakuwa safari ya ziada na chakula cha nyumbani. Bado swali linabaki: kwa nini alipe yule anayekuja? Naye ana watoto. Naye huenda amesubiri mafuta kutwa nzima. Umaskini unaweza kupunguza lawama ya mtu, lakini hauhamishi haki ya jirani yake kuja kwake. Ukihamisha chochote, unahamishia sehemu ya lawama kwa mwenye gari anayedai hesabu isiyowezekana bila kukimbia, na kwa abiria anayepiga kelele "twende, twende". Nao wamechukua bila kuomba.

Kuhusu mgonjwa, angalia gari la wagonjwa linavyofanya. Linapiga king'ora na kuwasha taa. Kwa nini? Kwa sababu linaomba. Linawajulisha wote walio mbele kwamba linahitaji njia yao, na linawapa muda wa kuitoa. Hata haraka iliyo halali kabisa haichukui nafasi kimyakimya kwenye kona, inaiomba hadharani. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza: kupita ni halali pale ambapo yule utakayetumia njia yake anaweza kukuona, na wewe kumwona, kiasi kwamba angeweza kukataa. Mahali asipoweza kukataa, hajakubali.

Kipimo hiki kinamgusa pia yule abiria wa mbele kushoto. Wengi wetu tumekaa kwenye kiti hicho. Tunafikiri kwamba anayeendesha ndiye anayejibu, na sisi ni mzigo tu kama gunia la mihogo. Lakini katika gari lenye usukani kulia, kwenye barabara ya kulia, abiria huyo ndiye jicho la gari. Akisema "pita" bila kuona vizuri, ametoa kibali ambacho si chake kukitoa, kwa niaba ya mtu ambaye hajamwuliza. Na akinyamaza huku akiona hatari, kunyamaza kwake ni jibu. Elimu yetu inatufundisha kujieleza darasani, sijui kama kuna mahali pa kujieleza panapohitaji ujasiri zaidi ya kumwambia dereva mwenye haraka, mbele ya abiria wengine, "Kaka, bado. Kuna gari."

Mtu anaweza kusema nimelifanya jambo dogo kuwa kubwa, kwamba nilianza na mabawa ya magari ya Monaco nikaishia kwenye Probox ya Rumonge. Lakini ni mashindano yenyewe yaliyotupa somo. Wahandisi wenye fedha nyingi kuliko bajeti za miji yetu waligundua kwamba unaweza kujenga gari linaloshinda kila kona na bado usiweze kumpita aliye mbele, kwa sababu kupita kunategemea hewa aliyokuachia yeye. Nasi tulio ufukoni tunategemea wenzetu vile vile, ila si kwa hewa. Tunategemea breki zao na subira yao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Msifu dereva kwa namna anavyopinda kona. Ni kazi yake na ustadi wake. Akipita vizuri, msifu kwa kungoja, kwa sababu nafasi ilipofika haikuwa yake, aliipokea. Na akipita vibaya tukafika salama, tusishangilie. Tumefika kwa njia ya mtu mwingine, na mtu huyo bado yuko huko nyuma, akipangusa mchanga kwenye madumu yake.